Kidomozi Hana Kiangazi

Maduka ya pembejeo ya Geita mjini, kuanzia Kalangalala hadi Nyankumbu, yanamfahamu vizuri mteja huyu. Anaingia na jani la nyanya mkononi, jani limechorwa mistari myeupe na mabaka yanayopitisha mwanga, anaomba dawa ya kidomozi. Anapewa chupa, anapiga, anasubiri. Baada ya wiki mbili anarudi na jani lingine lenye alama zilezile, anapewa chupa ya jina lingine na maneno ya kumtia moyo. Siku ya kuvuna ikifika, sehemu kubwa ya matunda ina vitobo karibu na kikonyo, wanunuzi wanayakataa, na lawama zote zinaishia kwa dawa feki.

Dawa feki zipo, na ni tatizo la kweli. Hata hivyo, kidomozi angetusumbua hata kama kila chupa dukani ingekuwa halali, kwa sababu tunampiga akiwa amejificha na kumwacha akiwa wazi. Anakula akiwa ndani ya jani, chini ya paa lake mwenyewe. Udhaifu wake uko kwingine: hawezi kuishi bila mimea ya jamii anayoijua. Anayetaka kumpunguza kwa kweli aanze kuuliza mimea hiyo inaota wapi, hasa pale ambapo yeye mwenyewe hakupanda kitu.

Nani yumo ndani ya jani

Kidomozi si mdudu mmoja. Jani lina ngozi ya juu na ngozi ya chini, na katikati kuna nyama laini ya kijani. Lava mdogo akipenya hapo katikati anapata chakula na makazi kwa mpigo mmoja. Jua la mchana halimkaushi, mvua haimwangushi, na siafu anayepita juu ya jani hana habari naye. Makundi manne makubwa ya wadudu yana jamaa wanaoishi hivyo: nzi, nondo, mbawakawa, na kundi la nyigu, nyuki na sisimizi.

Wa kundi hilo la mwisho wanashangaza wengi, kwa sababu hatujazoea kumfikiria nyigu akila majani. Wapo nyigu wasio na kiuno chembamba wala mwiba wa kuuma. Jike wao ana kifaa cha kutagia chenye meno ya msumeno. Hupasua jani na kulaza yai ndani ya mkato. Tuwaite nyigu-msumeno. Watoto wao wengi hula jani kwa nje, mchana kweupe. Wachache waliohamia ndani ya jani wanafahamika zaidi katika nchi za baridi, kwenye miti kama betula, ule wa gome jeupe unaopandwa mitaani Ulaya na Kanada. Profenusa thomsoni na Fenusa pumila ni wawili kati yao, na nitarudi kwao, kwa sababu maisha yao yanatufundisha jambo ambalo nyanya zetu haziwezi kutuonyesha peke yake.

Katika bustani za Geita, anayechora jani la nyanya ni nondo au nzi. Tofauti hiyo ndiyo ya kwanza kujua, kwa kuwa dawa inayomuua mmoja inaweza isimguse mwingine. Vimelea vya Bacillus thuringiensis vya aina ya kurstaki, vinavyouzwa kama dawa ya viwavi, huua watoto wa nondo wanaovila. Funza wa nzi na watoto wa nyigu-msumeno hawadhuriki navyo. Cyromazine nayo huvuruga ukuaji wa funza wa nzi, lakini kiwavi wa nondo hana shida nayo. Aliyebeba dawa nzuri ya mdudu mwingine amepoteza fedha sawasawa na aliyebeba dawa feki.

Kusoma handaki

Mchimbaji mwenye uzoefu wa maduarani haingii kila shimo ili kujua kinachochimbwa. Anaokota mawe yaliyotolewa nje na kuyatazama. Kidomozi naye anatambulika kwa takataka anazoacha nyuma. Chuma jani lenye alama asubuhi, liinue kuelekea jua, ulitazame kwa ndani.

Ukiona njia nyembamba inayopindapinda, inayoanza kama uzi na kupanuka kadiri inavyoendelea, na ndani yake vinyesi vyeusi vimepangwa mara upande huu mara upande ule wa njia, huyo ni nzi mdogo wa jenasi ya Liriomyza. Ukubwa wake ni milimita 2 hivi, mwili mweusi wenye njano, na doa la njano mgongoni. Kabla hata ya njia kuonekana, jani huwa na nukta nyeupe nyingi. Jike hulitoboa kwa kifaa chake cha kutagia, anyonye utomvu unaotoka, na baadhi tu ya matundu hayo ndiyo huwekewa yai. Dume hana kifaa cha kutobolea. Hunywa kwenye matundu ya jike. Kwa hiyo jani lenye nukta mia si lazima liwe na funza mia, lakini ni ishara kwamba nzi wameshafika.

Ukiona baka pana lisilo na umbo, jani limebaki ngozi mbili tu zinazoonyesha mwanga, na kinyesi cheusi kimerundikana upande mmoja, ulichonacho ni yule nondo, kantangaze. Fungua baka hilo kwa ukucha. Kiwavi aliyemo ni wa rangi ya maziwa akiwa mdogo, kisha hugeuka kijani chenye wekundu kidogo akikua, na ana mstari mweusi nyuma ya kichwa. Ana miguu, na hiyo ni alama kubwa, kwani funza wa nzi hana mguu hata mmoja. Mara nyingine utakuta baka lina kinyesi lakini mwenyewe hayupo: kantangaze, tofauti na funza wa Liriomyza, hutoka jani moja akaingia lingine, au akaingia kwenye shina, kikonyo au tunda. Vitobo vinavyomkimbiza mnunuzi vinatokana na tabia hiyo.

Kwenye viazi vitamu utakutana na wa tatu, nondo mdogo aitwaye Bedellia somnulentella. Anaanza na njia nyembamba, anaigeuza kuwa baka, na akimaliza hutoka nje na kugeuka pupa akiwa ananing'inia chini ya jani kwenye nyuzi chache za hariri. Huyu mwacheni. Mmea wa viazi una majani ya kutosha, na kwa familia inayochuma matembele kwenye shamba hilohilo inalotegemea kwa michembe na matobolwa, kupiga dawa kwa sababu ya mabaka machache ni kuhamishia sumu mezani.

Siku 24, au 40, au 76

Kantangaze, kwa jina la kitaalamu Tuta absoluta, ni mwenyeji wa Amerika ya Kusini. Edward Meyrick alimweleza kisayansi mwaka 1917 kutokana na nondo waliokusanywa Peru. Kwa miongo mingi alibaki tatizo la bara lile. Mwaka 2006 alionekana Hispania. Kufikia 2008 alikuwa Algeria, Moroko na Tunisia. Kisha akashuka kupitia Sudan na Ethiopia. Tanzania ilimthibitisha mwaka 2014 huko Ngarenanyuki, wilayani Arumeru. Nondo mwenye urefu wa milimita 5 hadi 7 hakuvuka mabara kwa mabawa yake tu. Nyanya zilimbeba, pamoja na kreti na matenga yanayorudi shambani bila kusafishwa.

Jike hutaga hadi mayai 260 hivi maishani mwake, mengi upande wa chini wa majani machanga, na mengine kwenye shina na vikonyo. Yai halifiki hata nusu milimita. Kwa macho ya kawaida linaonekana kama punje ya unga wa njano. Kwa joto letu linaanguliwa ndani ya wiki moja. Kiwavi anayetoka huzunguka kidogo juu ya jani, kisha anatoboa na kupotea ndani. Anapitia hatua nne za kukua, akijivua ngozi kila mara, kwa wiki mbili hivi. Akishiba, wengi hujiangusha kwa uzi na kugeuka pupa kwenye tabaka la juu la udongo. Wengine hulala palepale ndani ya baka au kwenye jani lililokauka. Kisha nondo anatoka, anajificha kati ya majani mchana, na kuruka jioni na alfajiri.

Muda wa mzunguko wote unaamuliwa na joto. Vipimo vilivyofanywa Chile katika miaka ya 1990 vilionyesha kwamba kwenye nyuzi 14 za Selsiasi, yai huchukua siku 76 hivi kufika nondo. Kwenye nyuzi karibu 20 ni siku 40. Kwenye nyuzi 27 ni siku 24 tu. Geita iko kati ya namba hizo mbili za mwisho, kwa hiyo tuseme mwezi mmoja. Nyanya inakaa shambani zaidi ya miezi mitatu tangu kuhamishwa kitaluni hadi mavuno ya mwisho, maana yake zao moja linalea vizazi vitatu au zaidi.

Hapo hesabu ya karatasini inaanza kutisha. Mayai 260 ya jike mmoja, tukichukulia nusu ni majike, yanatoa majike 130, na hao wanatoa mayai 33,800. Nusu ya hayo tena, kizazi cha tatu kinakuwa na mayai zaidi ya milioni 4. Shambani haifiki hapo, kwa sababu wengi hufa kwa mvua, kwa njaa na kwa maadui. Lakini hesabu inaeleza kwa nini mkulima anayesema "wiki iliyopita havikuwepo kabisa" anasema kweli alivyoona, na bado vilikuwepo. Kilikuwepo kizazi cha pili, yeye akaona cha tatu. Kiwavi mmoja aliyeuawa wiki ya pili baada ya kuhamisha miche ana thamani kuliko mamia wanaouawa wakati wa mavuno.

Mimea inayomlisha wakati wewe umepumzika

Vidomozi wengi ni wachaguzi wa chakula. Anayeishi ndani ya jani hawezi kuhama kirahisi kwenda kutafuta kingine, kwa hiyo mama yake humchagulia kwa makini, na ukoo mzima huishia kuzoea kemikali za mimea ya aina moja. Kantangaze amezoea jamii ya nyanya. Kwake hiyo ni nyanya yenyewe kwanza, kisha viazi mviringo, biringanya, nyanya chungu na tumbaku. Na upande wa mimea ya mwituni ni mnavu, ndulele na mnanaha. Pilipili hoho hashughuliki nayo sana. Mahindi, mpunga, vitunguu, kabichi na mihogo si chakula chake.

Angalia sasa orodha hiyo ukiwa umesimama bondeni. Nyanya ya msimu uliopita imevunwa, lakini mashina yameachwa yakiwa na majani ya kijani na matunda madogo yasiyo na soko. Kando ya mfereji umeota mnavu, ambao watu wanauchuma kwa mboga. Kwenye uchochoro na pembezoni mwa njia umesimama ndulele, wenye miiba na matunda ya njano, mmea mgumu usioogopa ukame na ambao ng'ombe hawaugusi. Nyuma ya nyumba kuna miche michache ya nyanya chungu iliyojiotea. Hakuna mtu anayeuhesabu hata mmoja wa mimea hiyo kama shamba. Kwa kantangaze ni daraja kutoka zao moja hadi lingine. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nzi wa Liriomyza ni mgumu zaidi kwa upande huu, kwa sababu baadhi ya spishi zake hazichagui sana. Liriomyza trifolii aliingia Kenya mwaka 1976 na vipandikizi vya maua ya krisanthemu kutoka Florida, kisha akaenea kwenye mboga. Yeye na ndugu zake Liriomyza sativae na Liriomyza huidobrensis hula nyanya, maharage, kunde, matango, matikiti na magugu mengi ya bustanini. Kumnyima chakula nzi kama huyo ni kazi ngumu. Bahati nzuri, kwa kawaida anadhuru jani tu, na mmea wenye afya hustahimili mashimo mengi kabla mavuno hayajapungua. Hatari yake kubwa iko kwenye miche na kwenye mboga inayouzwa kwa majani yake.

Mnyororo unaokatwa na baridi

Turudi kwa nyigu-msumeno wa betula. Profenusa thomsoni alitoka Ulaya, akaingia Amerika ya Kaskazini, na kule hajulikani kuwa na madume. Majike hutaga bila kupandwa. Hutaga kwenye majani yaliyokomaa, tofauti na Fenusa pumila, anayetaka majani machanga yanayofunguka. Watoto wake hula ndani ya jani hadi kulifanya liwe kahawia, kisha hujiangusha ardhini, huchimba na kujifungia kwenye kijumba cha udongo. Kwa miezi mingi wanalala humo. Majani ya betula yamepukutika, chakula hakipo, theluji imefunika ardhi. Kizazi ni kimoja kwa mwaka.

Linganisha na kantangaze, mwenye vizazi 10 hadi 12 kwa mwaka mahali penye joto na chakula. Yeye hajengi kijumba cha kulala miezi mingi kungoja msimu. Maadamu kuna jani la kijani la jamii ya nyanya, anaendelea kuzaa. Jani likikosekana kwa muda mrefu kuliko uhai wa nondo na pupa waliopo, ukoo wa eneo hilo unakatika. Nchi za betula zina majira ya baridi yanayokata mnyororo huo bila mtu kunyanyua jembe. Sisi hatuna. Kiangazi chetu cha Juni hadi Septemba kingeweza kufanya kazi hiyo, kwa sababu magugu mengi hukauka. Lakini ndicho kipindi tunachomwagilia nyanya mabondeni kwa ajili ya bei nzuri, bila mvua ya kuangusha mayai na nondo, huku ndulele ukiwa umesimama kijani pembeni. Tumemwondolea kidomozi kiangazi.

Kutoka kwa betula kuna somo lingine. Mjini Edmonton, Kanada, Profenusa thomsoni alipungua sana katika miaka ya 1990 baada ya kinyigu kidogo cha jenasi ya Lathrolestes kuanza kutaga mayai yake ndani ya watoto wa nyigu-msumeno huyo. Kinyigu hicho baadaye kilipelekwa Anchorage, Alaska, kati ya 2004 na 2008 kwa kazi hiyohiyo. Paa la kidomozi linamficha dhidi ya mvua na siafu, lakini pia linamfunga mahali pamoja, na adui mdogo anayejua kusikiliza na kunusa jani anamkuta hana pa kukimbilia.

Marafiki tunaowaua kwanza

Vinyigu vya namna hiyo tunavyo hata huku. Kwa vidomozi wa nzi wapo kama Diglyphus isaea, ambaye jike wake hudunga funza kupitia ngozi ya jani, humlegeza, kisha huweka yai pembeni yake. Mtoto akianguliwa anakuta mlo umeshaandaliwa. Kwa kantangaze, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Nairobi kilileta kutoka Peru kinyigu kiitwacho Dolichogenidea gelechiidivoris, adui wake wa asili, na kukiachia mashambani nchini Kenya. Yupo pia mdudu mwembamba wa kijani, Nesidiocoris tenuis, anayefyonza mayai ya kantangaze, ingawa akizidi naye huweza kuchubua mashina ya nyanya.

Dawa ya kupulizia inawakuta viumbe hawa wakitembea juu ya jani. Kidomozi yumo ndani. Kahawa ilishalilipia somo hili. Katika miaka ya 1950 na 1960, mashamba ya Kenya na ya Kilimanjaro yaliyopigwa dawa zinazodumu muda mrefu yaliona kidomozi wa kahawa, nondo wa jenasi ya Leucoptera, akiongezeka badala ya kupungua, na wachunguzi wa wakati ule walilihusisha hilo na kufa kwa vinyigu vilivyokuwa vikimzuia. Mwaka 1964 H. A. Bess alichapisha ulinganisho wa kahawa iliyopigwa dawa na isiyopigwa nchini Kenya, kidomozi pamoja na vinyigu wake, na suala lilikuwa hilohilo.

Nisieleweke vibaya: zipo dawa zinazopenya ngozi ya jani. Abamectin ni mojawapo, na chlorantraniliprole ni nyingine. Zina nafasi yake. Tatizo ni jinsi tunavyozibadilisha. Kwenye lebo ya chupa nyingi kuna namba ya kundi la dawa, inayoonyesha namna dawa inavyomuua mdudu. Abamectin ni kundi la 6. Emamectin benzoate nayo ni kundi la 6. Anayepiga ya kwanza wiki hii na ya pili wiki ijayo amebadilisha jina la chupa tu. Mdudu anapigwa mahali palepale, na wachache wanaovumilia ndio wanaobaki kuzaa. Mwaka 2015 watafiti waliripoti kantangaze wa Italia waliokuwa sugu kwa kundi la 28, dawa zilizokuwa zikitegemewa zaidi wakati huo. Kanuni inayofaa ni kutumia kundi moja kwa kizazi kimoja cha mdudu, yaani mwezi hivi, kisha kuhamia namba nyingine kabisa, na kulirudia la kwanza baada ya muda mrefu. Na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo zinamlinda mlaji. Nyanya inayochumwa kila baada ya siku chache ndiyo inayozivunja kirahisi kuliko zao lingine lolote. Ukitilia shaka chupa uliyouziwa, usajili wake uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na afisa ugani wa kata anaweza kukusaidia kuuhakiki.

Mitego ya harufu ya jike nayo ina mipaka yake. Inanasa madume tu, na mwaka 2012 watafiti waliripoti kwamba jike wa kantangaze anaweza kuzaa hata bila dume. Tundika mtego mapema, uuhesabu kila wiki, uutumie kama kengele ya kukuambia nondo wameingia. Usiutegemee kumaliza kazi.

Bonde moja, uamuzi mmoja

Yanayobaki ni kazi ya jembe. Anza na miche: ioteshe mbali na shamba la zamani, na ikiwezekana uifunike kwa chandarua chenye matundu madogo. Majani ya kwanza yenye mabaka yachumwe na yawekwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri na kuanikwa juani, yasitupwe kando ya tuta ambako kiwavi atamalizia mlo na kurudi. Mavuno yakiisha, ng'oa mashina wiki hiyohiyo. Matunda mabovu yafukiwe shimoni badala ya kurundikwa pembeni. Geuza udongo ili pupa waliolala juu wakutane na jua na ndege. Zao linalofuata lisiwe la jamii ya nyanya. Mpunga kwenye majaruba ni mzuri zaidi, kwa sababu maji yaliyosimama hayampi pupa nafasi.

Ukichagua kabichi au figiri, ujue kwamba hapo utakutana na nyigu-msumeno mwenyewe, wa jenasi ya Athalia, ambaye kwetu yupo. Watoto wake weusi hula majani kwa nje, na ukiwagusa hujikunja na kuanguka. Wengi watakuambia ni viwavi. Mgeuze mmoja uhesabu miguu minene ya tumboni: kiwavi wa nondo au kipepeo hana zaidi ya jozi tano, nyigu-msumeno ana sita au zaidi. Dawa ya kurstaki uliyoinunua kwa ajili ya viwavi haitamfanya kitu. Waokote kwa mkono asubuhi ukiwa na bustani ndogo.

Lakini mkulima mmoja mwenye bidii katikati ya majirani wanne wasiong'oa mashina anafanya kazi ya kuwatengenezea nondo wao chakula kipya. Ndiyo maana hatua kubwa zaidi haiwezi kuwa ya mtu binafsi. Ukanda huu wa pamba, Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita, una utaratibu wa miaka mingi wa kung'oa na kuchoma masalia ya pamba kabla ya msimu mpya ili kukata mzunguko wa funza mwekundu. Hakuna mkulima wa pamba anayehitaji kufundishwa kwa nini. Nyanya nayo inastahili kipindi chake cha kufungwa, na kipindi kinachofaa kipo: wiki sita za mvua kubwa za Machi na Aprili, wakati ugonjwa wa bakajani huifanya nyanya kuwa kamari na wengi hawapandi. Wiki sita zinazidi siku za mzunguko mmoja kwa joto letu. Katika wiki hizo bonde zima lisiwe na nyanya, nyanya chungu wala biringanya, ndulele na mnanaha ving'olewe kandokando ya mifereji na njia, na mnavu uchumwe hadi kwenye shina.

Serikali za vijiji na mitaa zina mamlaka ya kusimamia usafi wa mashamba, na halmashauri inaweza kuutungia sheria ndogo. Gharama yake ni siku chache za kazi ya pamoja kwa mwaka na wiki sita bila mche ambao hata hivyo ungekuwa na dalili ya kuoza. Anayeona ni ghali apige hesabu ya chupa alizonunua msimu uliopita, kisha ajumlishe na sado zilizobaki sokoni bila mnunuzi.